Somo Nililokataa Kulimiwa

Turubai lilikosekana kwa sababu yangu. Nalisema mapema ili nisionekane nazunguka. Turubai kubwa, viti vya plastiki vya kutosha msiba wa wastani na sufuria mbili za kupikia pilau la watu wengi: vyote hivyo kikundi chetu kingevipata Jumamosi moja saa kumi na mbili jioni, na hatukuvipata, kwa kuwa mimi, katibu, nilikataa kubonyeza kitufe. Wapo wanaosema ni kiburi. Sibishani nao juu ya neno hilo. Nataka tu habari ielezwe kwa mpangilio wake, kwa sababu mtaani kwetu Nzuguni husimuliwa kuanzia mwishoni.

Mimi ni mhazili. Kwa miaka mingi nimekaa pembeni ya meza kubwa nikiandika wanayosema wengine, na kazi hiyo imenifundisha kusikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Serikali ilipohamia Dodoma nilihama nayo kutoka Dar es Salaam. Wenzangu walilalamikia vumbi na upepo. Mimi nilikuwa narudi kwetu, maana nilizaliwa upande wa Mvumi na vumbi hilo lilinijua. Nilipojenga Nzuguni nikajiunga na kikundi cha wanawake wa mtaa, cha kusaidiana kwenye misiba, harusi na wagonjwa. Mwenyekiti wetu ni mama wa Kigogo ambaye familia yake ililima hapa kabla ya mtaa kupimwa viwanja. Pale ilipo nyumba yangu, anasema, palikuwa na uwele wa baba yake. Ananizidi umri, namwamkia shikamoo, naye akishaitikia huongeza "Mbukwenyi," salamu ya kwetu, ili nisijifanye mtu wa kuja. Walinichagua katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Tulikuwa tukikutana Jumamosi mchana katika darasa la chekechea. Viti vyake ni vidogo, vya rangi, na mwanamke mzima akikaa juu yake magoti yanakaribia kidevu. Hapo ndipo mradi wa shirika moja ulipotuletea vishikwambi. Ndani yake mlikuwa na mwalimu wa akili mnemba: unamwandikia au unamwambia kwa Kiswahili, naye anakujibu, anakuuliza, anakusubiri. Masomo yalikuwa hesabu na sayansi, kwa watu wazima walioacha shule, au waliomaliza bila kuelewa.

Mimi nilikuwa wa kundi la pili. Nilimaliza kidato cha nne na hesabu nikapata F, nikaishi nayo kama kovu la mguuni ambalo halionekani ukivaa sketi ndefu.

Miezi ya mwanzo hapakuwa na zawadi yoyote. Walikuja waliotaka kuja, na hatukuwa wengi. Nakumbuka jambo la kwanza nililomwuliza yule mwalimu wa kwenye kioo, maana lilikuwa limenikaa tangu nikiwa msichana: kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya? Shuleni nilipouliza hivyo nilijibiwa kwamba ndiyo kanuni, na darasa zima likacheka. Huyu hakusema kanuni. Aliniuliza kama nyumbani nina tangi la maji. Nikasema ninalo, na ni nani Dodoma asiye nalo. Akasema tuchukue kwamba linavuja lita ishirini kila saa. Saa tatu zijazo litakuwa limepungua kiasi gani? Nikajibu sitini. Na saa tatu zilizopita, akauliza, lilikuwa na maji mengi kuliko sasa, au machache?

Kuvuja ni hasi. Kurudi nyuma kwa saa ni hasi. Na nilipolitazama lile tangi kichwani mwangu, saa tatu nyuma, maji yalikuwa yamepanda. Lita sitini zaidi. Nilicheka peke yangu mpaka mwenyekiti akauliza kama nimetumiwa kichekesho.

Jioni ile nilisimama uani mbele ya tangi langu halisi, ambalo halivuji, nikaligonga kwa kidole kama mtu anayesalimia. Hakuna aliyenilipa. Kama angetokea mtu kunilipa ningemwona mshamba.

Hali ilikuwa hiyo kwa wote tuliokuja siku zile. Alikuwapo jirani yangu kutoka Kondoa, Mrangi, muuza vitunguu na maharage sokoni, mwanamke asiyependa kuambiwa jambo mara mbili. Yeye alitaka mwezi. Tangu utoto amewasikia wazee wakiutafuta mwezi mwandamo upande wa magharibi jua likizama, na hakuna aliyemwambia kwa nini hautokei mashariki kama mwezi mkubwa unavyotokea. Alimwuliza mwalimu, mwalimu akatuambia tutafute chungwa na taa. Tukatumia tochi ya simu. Mimi nilikuwa dunia, mwenyekiti akashika tochi akawa jua, jirani yangu akanizunguka na chungwa mpaka akasimama ghafla katikati ya darasa, mkono hewani, akasema taratibu, "Kumbe liko karibu na jua. Ndiyo maana linazama nalo." Akalimenya lile chungwa, akatugawia, tukaenda nyumbani.

Nimeandika hayo kwa urefu ili ijulikane kilichokuwapo kabla.

Kisha ikaja motisha. Aliyeileta ni binti wa mradi, aliyemaliza chuo kule Chimwaga, mpole, mwenye kutuita mama zangu na kutuamkia mmoja mmoja hata tukiwa wengi. Alieleza kwamba wafadhili wanataka kuona namba. Kila somo litakalokamilika litakuwa na pointi. Pointi zitageuka bando, sukari, mafuta ya kupikia. Na juu ya yote, kama kila mwanachama atamaliza masomo yote ya ngazi ya kwanza kabla ya tarehe ya mwisho, kikundi kitapewa turubai, viti na sufuria. Aliposema turubai, darasa lilipumua kwa pamoja. Kikundi cha wanawake kisicho na turubai lake hukodi la wengine, na kukodi turubai siku ya msiba wako mwenyewe ni jambo linalouma.

Jumamosi iliyofuata viti havikutosha. Walikuja hata waliokuwa wakitucheka. Sikuwalaumu, na siwalaumu sasa. Sukari ni sukari.

Lakini kazi yangu ni kusikiliza, na nikasikia maswali yamekwisha. Hakuna tena aliyeuliza kwa nini. Watu waliuliza zimebaki ngapi. Na si watu tu. Mwalimu mwenyewe alibadilika. Jirani yangu alirudi na swali jipya la mwezi, kwamba mbona mchana mwingine unaonekana mweupe angani kama kipande cha mkate, na safari hii aliambiwa kwamba swali lake ni zuri sana, ila walirudie baada ya somo, kwa sababu amebakiza hatua chache tu kupata pointi. Alijaribu tena. Akajibiwa yale yale kwa adabu ile ile. Akakigeuza kishikwambi kifudifudi juu ya meza.

"Huyu naye wamemnunua," akasema.

Mwenyekiti wetu hakuwa mvivu na hakuwa mjinga. Sitaki mtu amsome hivyo. Alichofanya alikifanya kwa kufuata mila njema kuliko nyingi ninazozijua. Kwetu mtu akizidiwa na shamba hualika. Hupika pombe, au togwa kama ni mlokole, na majirani huja alfajiri na majembe yao, hupangana mstari, huimba, na jua likikaza shamba limekwisha. Kesho wanahamia kwa mwingine. Hakuna anayeuliza nani amelima tuta lipi. Shamba limelimwa au halijalimwa, na mvua ikinyesha haiulizi jembe lilikuwa la nani.

Basi Jumamosi moja alitutazama tulivyojiinamia, kila mtu na kioo chake, wengine wakitoka jasho juu ya asilimia, akasema hajaelewa kwa nini tunateseka kila mmoja kivyake kama watu tusiojuana. Muuza vitenge anazijua asilimia, azilime asilimia za wote. Yule aliyewahi kuwa mhudumu wa wodi hospitali ya Mvumi anavijua vipimo, alime vipimo. Na mambo ya maumbo yaende kwa fundi cherehani.

Vishikwambi vikaanza kupita mkono kwa mkono. Wakaimba. Mtu alileta togwa. Nimehudhuria vikao vingi vya watu wenye suti na sijaona kazi ikigawanywa kwa haki namna ile. Masomo yalikamilika kama matuta, upande huu na upande ule, na binti wa mradi alipokuja wiki iliyofuata alikuta namba ambazo hakuwahi kuziota. Akapiga picha.

Wapo waliosema baadaye kwamba wanawake wale walidanganya. Nawakatalia. Udanganyifu hujificha, na wao walikuwa wakiimba dirisha likiwa wazi. Walioweka zawadi walisema wanataka masomo yakamilike. Wakapata masomo yaliyokamilika. Ukimlipa mtu kwa tuta, utapata matuta. Kosa la kikundi lilikuwa moja tu, na ni kosa ambalo watu wasioalikana wasingeweza kulifanya: walidhani kichwa ni shamba. Kichwa hakilimiwi. Mwenzako akikulimia, unabaki na pori lako vile vile, ila limewekewa alama ya tiki.

Waliponifikia mimi nikakumbatia kishikwambi changu.

Nilisema nitalima mwenyewe. Walidhani ni haya, wakasisitiza kwa upole. Nikasema tena. Kwa wiki kadhaa niliendelea hivyo, somo baada ya somo, polepole, nikirudi nyuma kila niliposhindwa, na kwa kuwa mpangilio wa washiriki ulionekana kwenye kila kioo, nafasi yangu ilijulikana: wa mwisho. Kisha wa mwisho kwa mbali. Kisha ikawa wote wamemaliza na nimebaki mimi.

Ofisini pia nilikuwa na wa kunihoji. Mwenzangu mmoja aliniona wakati wa chakula nikichora visehemu kwenye karatasi iliyoharibika, akauliza kama nasomea cheo. Nikasema hapana. Akauliza kama kuna posho. Hapana. Akauliza basi itanisaidia nini. Nilimtazama nikagundua kwamba sina haja ya kumpa sababu. Mtu akila embe hakuna anayemwuliza litamsaidia nini. Nikamwambia nachora, nikaendelea kuchora.

Kikundi kilikuwa kigumu zaidi, kwa sababu kilikuwa na haki. Anayekataa kulimiwa anawaambia majirani zake kwamba hatakuja kuwalimia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mwenyekiti alikuja nyumbani kwangu jioni moja, akakataa chai, akakaa kwenye kiti cha uani.

"Mdogo wangu," akasema, "ukifa sisi ndio tutakaokuja kukuosha."

"Najua, dada."

"Na tutakaa chini ya turubai la kukodi, kwa sababu yako."

Nilimwambia ninalijua hilo pia. Akauliza nimekwama wapi. Nikamwambia ukweli, na ukweli ndio uliomkasirisha: sikuwa nimekwama kwenye jibu. Lilikuwa somo la mwisho, la kugawanya sehemu kwa sehemu. Kanuni yake nilikuwa nayo tangu shule: geuza ya pili, kisha zidisha. Ningeweza kujibu maswali yote matano nikiwa nakaanga samaki. Lakini somo likishakamilika lilikuwa linafungwa, huwezi kulirudia tena, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa nimevuka mada zote za hesabu bila kuruka shimo hata moja. Sikutaka kuvuka la mwisho kwa kanuni. Nilitaka kujua kwa nini tunageuza.

"Jibu unalijua?"

"Ninalijua."

"Basi bonyeza."

"Sibonyezi mpaka nielewe."

Alinyanyuka akakung'uta kanga. Sikuwahi kumwona akiondoka kwa mtu bila kuaga, ila jioni ile aliondoka.

Jumamosi ya mwisho, ambayo muda ungefungwa saa kumi na mbili jioni, walikuwapo wote. Walikaa nje kwenye kivuli cha ukuta, wakanipisha darasa zima kama mtu anayejifungua. Jirani yangu wa Kondoa pekee ndiye aliyekaa ndani, karibu na mlango, akimenya karanga. Yeye masomo yake alikubali yalimwe. Aliniambia wazi kwamba tangu walipomnunua mwalimu hakuona cha kukigombania.

Binti wa mradi alifika saa kumi. Akaniamkia, akavuta kiti kidogo, akakaa mbele yangu. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama, naomba nikusaidie. Dakika mbili tu. Nitajibu mimi."

"Kwa nini?"

"Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Kikundi kikifika asilimia mia, nina hakika wataniongeza."

Hapo ndipo nilipoona kwamba naye wamemwekea pointi. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo karibu inishinde kuliko turubai. Nikamwuliza kama yeye anajua kwa nini tunageuza. Alifikiri. Alikuwa mkweli kuliko wengi ambao ningekutana nao kwenye nafasi yake: akasema walifundishwa hivyo hivyo, geuza zidisha, na hakuwahi kujiuliza.

"Basi kaa tujiulize," nikamwambia. "Ukinibonyezea, tutatoka humu watu wawili wasiojua."

Akatazama saa. Akatazama nje. Kisha akageuza kiti chake kikawa sambamba na changu.

Nilimwambia yule mwalimu wa kwenye kioo kwamba sitaki kanuni. Kama kawaida ya siku zile aliniambia nimebakiza hatua moja tu. Nikarudia. Akarudia. Nikaandika kwamba nimetoka upande wa Mvumi, kwamba nimezaliwa kwa watu wa jembe, na kwamba kama anataka nimalize anionyeshe kwa jembe. Sijui ni neno gani lilimgusa, au kama kuna linaloweza kumgusa. Lakini safari hii alisema sawa. Mtu amelima theluthi mbili ya shamba kwa robo tatu ya siku. Akienda mwendo ule ule siku nzima, atalima kiasi gani?

Binti aligeuza na kuzidisha kichwani. "Nane ya tisa," akasema.

"Nimekwambia sitaki hiyo."

Akacheka. Tukaanza upya. Nilichukua chaki nikachora shamba ubaoni, nikaligawa mara tatu kwa kusimama, nikatia mistari kwenye vipande viwili vilivyolimwa. Mwalimu akauliza: robo moja tu ya siku, huyu mtu alilima kiasi gani? Tulibishana. Binti alisema tunahitaji siku nzima, robo moja ya nini. Nilisema nami sijui. Jua lilishuka likaingia mlangoni. Nje walikuwa wameacha kuzungumza.

Jirani yangu ndiye aliyeuliza, mdomo umejaa karanga, kama robo tatu si robo ziko tatu. Mimi nikaligawa shamba tena kwa kulaza, mara tatu, likawa na vijisehemu tisa, sita vyenye mistari. Robo tatu, vijisehemu sita. Robo moja, viwili. Basi siku nzima ina robo nne, na viwili mara nne ni vinane. Vinane kati ya tisa.

Nilibaki na chaki mkononi. Nilikuwa nimegawanya kwa tatu ili nipate robo moja, nikazidisha kwa nne ili nipate siku nzima. Gawanya kwa tatu, zidisha kwa nne. Ndiyo ile robo tatu, imesimama kichwa chini. Hakuna aliyeigeuza. Ilijigeuza yenyewe kwa sababu siku ina robo nne na huyu mtu alitumia tatu.

Binti alisema neno moja la Kiingereza ambalo hutumika watu wakishangaa, akaziba mdomo, akaniomba radhi. Nikakaa chini, nikajibu maswali matano bila haraka, nikabonyeza.

Kioo kilisema hongera. Chini yake kikasema muda wa kushiriki umekwisha.

Sikutoka nje kwa kuinama. Niliwaambia wote, nikiwa nimesimama mlangoni na mavumbi ya chaki kwenye sketi, kwamba nimemaliza na nimechelewa. Sikusema samahani. Waliinuka mmoja mmoja wakakunja kanga walizokalia.

Wiki mbili baadaye vishikwambi vilikusanywa vikapelekwa kata nyingine, pamoja na pointi zake. Binti hakuongezewa mkataba. Aliniambia kwa simu, na nilipokuwa nikitafuta la kumwambia akanitangulia: namba za vikundi vingine pia hazikutosha, nisijibebeshe. Sijui kama ni kweli au ni malezi mema. Sasa anafundisha hesabu jioni, watoto wa majirani, na ameniambia kwamba akifika kwenye sehemu anachora shamba.

Kikundi kiliitisha kikao. Nilihudhuria nikaandika muhtasari wa kesi yangu mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye mwandiko wake unasomeka. Ikaamuliwa nitozwe kama anavyotozwa mtu aliyekwepa jembe: nipike chakula cha kikundi kizima, ugali wa uwele, mlenda na kuku, na nikibebe mwenyewe mpaka darasani. Nikakubali papo hapo. Hiyo ni sheria ya kwetu, na mimi ni mtoto wa sheria hiyo. Mmoja akapendekeza niongeze na kukiri kwamba nilikosea. Nikasema kuku wataletwa, maneno hayo hayataletwa. Nikaliandika hilo nalo.

Walikula. Kuku wangu hawakuwa wa faini. Walikuwa wa sikukuu, na wenzangu walilijua hilo. Bado vilikuwapo vicheko vya chini na macho ya pembeni. Mwenyekiti alinawa, akajifuta kwa ukingo wa kanga, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya uani.

"Haya, katibu. Tuonyeshe hicho kitu kilichokula turubai letu."

Nilisimama ubaoni nikachora shamba. Nikawaeleza habari za mtu aliyelima theluthi mbili kwa robo tatu ya siku, na vijisehemu, na robo moja, na robo nne. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimejieleza mwenyewe mara nyingi njiani. Walisikiliza kwa adabu ya watu walioshiba. Mwenyekiti aliendelea kulitazama shamba.

"Huyu mtu hajawahi kushika jembe," akasema mwishoni.

Darasa likaangua kicheko. Nikamwuliza kwa nini.

"Robo tatu zake za kwanza ni alfajiri mpaka jua linakaza. Hiyo ya nne ni jua la Dodoma utosini. Atalimaje sawa na alfajiri? Nane hapati. Anapata saba, na kichwa kinamwuma."

"Dada, swali limesema mwendo haubadiliki."

"Limesema nani?"

"Mwalimu."

"Basi mwalimu alikosea, aulizwe."

Nilisimama imara. Nilisema hesabu ni sahihi kwa mtu wa mwendo ule ule, na kama mtu wake ni mwingine basi hesabu yake ni nyingine. Akasema watu wote ni mtu wake. Tukapandishiana sauti kidogo, mbele ya sufuria. Nikamwambia yule mwalimu anapatikana hata kwenye simu za kawaida, bila pointi, mimi na jirani yangu wa Kondoa tunakutana naye bado kila Jumamosi kwa bando letu, na kwamba nitamwulizia nilete jibu.

"Usinibebee swali langu," mwenyekiti akasema. "Nitakuja nimwulize mwenyewe. Na ole wako umpe jibu kabla sijafika."

Turubai bado tunakodi. Mwezi uliopita tulikodi kwa msiba wa mume wa fundi cherehani, nikachangia, nikakaa chini yake, nikatazamwa. Nami nikawatazama.

Jumamosi iliyofuata chakula kile mwenyekiti alikuja darasani. Hakuniitikia vizuri, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, akanyoosha mkono nikampa simu yangu. Alisema naye kwa sauti, kama anavyosema na madalali wa viwanja. Jirani yangu alisogeza kiti asikie. Nilisikia akiambiwa kwamba kama mwendo unabadilika, itabidi ajue kila robo ya siku mtu huyo alilima kiasi gani, na akaulizwa, kwa uzoefu wake, robo ya alfajiri ni kiasi gani ukilinganisha na ya mchana.

"Sasa ndiyo unauliza," akaiambia simu, na akaniashiria nimpe karatasi na kalamu.

Bando lilikuwa langu, na somo langu jipya sikuligusa siku hiyo. Saa kumi na mbili ilipofika bado alikuwa akiandika.